Mifupa ya Tendaguru: Kazi ya Werner Janensch na Desturi ya Wenye Elimu ya Kutoa Majina

Katika nyumba ya makumbusho ya viumbe iliyoko Berlin, Ujerumani, pana kiunzi cha mifupa ya mnyama wa kale ambacho kimo chake ni mita 13.27. Mfupa wa juu wa mguu wake wa mbele, huo mmoja peke yake, wapita mita 2. Basi mtu mrefu akiwekwa kando yake huonekana mfupi. Mifupa hiyo haikutoka katika nchi za Ulaya. Ilichimbwa katika kilima cha Tendaguru, bara ya mji wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ikachukuliwa vichwani na mabegani mwa watu mpaka pwani, ikatiwa merikebuni.

Wengi wamesikia habari za mnyama huyu, walakini habari za mtu aliyemsimamisha si wengi wazijuao. Jina lake Werner Janensch, aliyezaliwa mwaka 1878 akafa mwaka 1969. Twataka kueleza hapa kazi ya mwenye elimu wa namna yake ni kazi gani, kwa kuwa wanafunzi wetu huuliza, na mwalimu asiyejua huishia kujibu kwamba Wazungu walipata mifupa wakaenda nayo. Jibu hilo si la uongo, lakini limepungukiwa. Tena twataka kueleza jambo la pili lihusulo lugha, nalo ni jinsi wenye elimu hao wanavyowapa majina viumbe wanaowavumbua. Katika majina hayo mna neno la haki ambalo limekawia miaka karibu mia.

Kwanza tuseme juu ya elimu yenyewe. Mnyama akifa, kwa kawaida nyama yake huliwa, na mifupa yake huvunjika kwa jua na mvua hata ikawa vumbi. Lakini ikitokea kwamba amefunikwa upesi na matope au mchanga, maji yapitayo chini ya ardhi huleta chembe za madini, nazo huingia katika matundu madogo ya mfupa na kuyajaza. Baada ya muda mrefu sana mfupa hugeuka kuwa kama jiwe, ila umbo lake lasalia. Kitu cha namna hiyo sasa twakiita kisukuku. Mtaalamu wa visukuku ni mtu ambaye husoma habari za viumbe wa kale katika mawe hayo, kama vile msomi wa lugha asomavyo habari za watu wa zamani katika maneno waliyoyaacha.

Jina la Tendaguru lenyewe ni la wenyeji. Husemwa kwamba kwa Kimwera maana yake ni kilima chenye mteremko mkali. Watu wa huko walikuwa wakiiona mifupa ile mikubwa juu ya ardhi kabla mgeni ye yote hajaiandika kitabuni. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliyekuwa akitafuta madini, alifika akaiona, akapeleka habari. Mwaka 1907 akaja Eberhard Fraas, mtaalamu wa Stuttgart, akachukua baadhi yake. Ndipo Wilhelm Branca, mkuu wa idara ya visukuku katika makumbusho ya Berlin, alipoona kwamba kazi hii yahitaji watu wengi na fedha nyingi. Yeye na rafiki zake, mmojawapo akiwa tabibu David von Hansemann, wakakusanya michango kwa matajiri na vyama vya elimu. Mwaka 1909 Janensch na mwenziwe Edwin Hennig wakatumwa Lindi.

Hapa hatuna budi kukumbuka hali ya nchi wakati ule. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimepiganwa tangu mwaka 1905 hata 1907, na nchi ya kusini ilikuwa imeumia sana. Vijiji vilichomwa, vyakula viliharibiwa, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Miaka miwili tu baadaye wakaja watu kutafuta vibarua wa kuchimba mifupa. Kwa hiyo tusidhani kwamba waliokwenda Tendaguru kuomba kazi waliitwa na hamu ya elimu. Wengi walihitaji chakula na fedha ya kodi. Hata hivyo kazi waliyoifanya ilikuwa kazi ya ustadi, kama tutakavyoona.

Idadi ya wafanya kazi iliongezeka mwaka hata mwaka, ikafika kiasi cha watu mia tano. Walikata njia porini, walichimba mahandaki, na walipofika penye mifupa waliweka majembe kando wakatumia visu na vyombo vidogo. Mfupa uliolala ardhini muda mrefu hivyo huweza kuwa na urefu wa mita 2, na pamoja na hayo ukivutwa kwa pupa hupasuka vipande mia. Kila shimo lilipewa herufi au namba, na kila mfupa ukatiwa alama ya shimo lake. Mnyama asimamaye Berlin hata leo wenye elimu humjua kwa alama ya S II, yaani kiunzi cha pili cha shimo S. Pasipo alama hiyo mifupa ingekuwa lundo la mawe tu, kwa kuwa hapana ambaye angeweza kujua mfupa gani ulilala karibu na upi.

Msimamizi mkuu wa kazi hii alikuwa Boheti bin Amrani. Yeye hakuwa nyapara wa kuhesabu watu tu. Alijifunza kuutambua mfupa, kuuchimbua, kuusafisha na kuufunga, akawafundisha wengine. Wajerumani hawakuweza kuwapo katika kila shimo, maana mashimo yalikuwa mengi na yalikuwa mbalimbali. Basi maamuzi ya kila saa, kwamba hapa pachimbwe na pale paachwe, yalikuwa juu ya wasimamizi wenyeji. Mifupa ilipakwa jasi na udongo, ikafungwa ndani ya vipande vya mianzi vilivyounganishwa kama pipa. Kisha wapagazi wakaichukua mpaka Lindi, safari ya siku kadhaa, wakarudi tena. Jumla ya mizigo yote hukadiriwa kuwa kiasi cha tani 225 hata 250.

Janensch alikaa Tendaguru tangu mwaka 1909 hata 1911. Mwaka 1912 Hans Reck alishika uongozi, akifuatana na mkewe Ina Reck, ambaye baadaye aliandika kitabu cha safari ile. Mwaka 1913 uchimbaji wa Berlin ukaisha.

Yaweza kudhaniwa kwamba hapo kazi ilikwisha. La, kazi ya Janensch ndiyo kwanza ilikuwa ikianza. Alichimba kwa misimu mitatu, na akaandika juu ya mifupa ile kwa muda wa miaka karibu hamsini. Katika makumbusho mafundi walifungua mizigo mmoja mmoja, wakatoa udongo na mwamba, wakaunganisha vipande vilivyovunjika. Ndipo Janensch alipopima, akachora, akalinganisha. Mwaka 1914 alitoa habari za kwanza za wanyama wakubwa kabisa. Mwaka 1925 aliandika juu ya wala nyama. Mwaka 1935 na 1936 juu ya mafuvu. Mwaka 1950 juu ya uti wa mgongo. Na mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 82, juu ya miguu. Kati ya maandiko hayo zilipita vita kuu mbili na serikali kadhaa za nchi yake.

Ili kuona thamani ya kukaa namna hii, tutazame mfano wa upande wa pili. Makumbusho ya Uingereza yalipeleka wachimbaji Tendaguru tangu mwaka 1924 hata 1931. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alikufa kwa malaria huko Lindi mwaka 1925. Msaidizi wake wa mwaka wa kwanza alikuwa kijana Louis Leakey, mtoto wa mmisionari wa Kabete, ambaye baadaye jina lake lilijulikana sana. Nao Waingereza walipata mifupa mingi. Lakini hawakuwa na mtu wa kuikalia maisha yake yote, na sehemu kubwa ya mali yao haikuelezwa kwa ukamilifu kama ile ya Berlin. Mfupa uliomo sandukuni bila maelezo ni kama barua isiyofunguliwa.

Wasomaji watauliza: umri wa mifupa hii wajulikanaje? Huko Tendaguru yako matabaka matatu yenye mifupa ya dinosaria, na kati ya matabaka hayo yako mengine yenye kombe na viumbe vya baharini. Kwa hiyo yajulikana kwamba mahali pale palikuwa karibu na pwani, na kwamba bahari ilipanda ikashuka mara kwa mara. Viumbe vya baharini vya namna ile ile vimepatikana katika nchi nyingine ambazo umri wa mawe yake umepimwa, basi kwa kulinganisha umri wa Tendaguru wapatikana, nao ni kiasi cha miaka milioni 150. Hatuandiki haya kwa kusudi la kubishana juu ya siku za uumbaji. Twaandika ili mwalimu aweze kuonyesha kwamba hesabu hii haikutungwa kichwani, bali imetoka katika kombe na mchanga ambao mwanafunzi aweza kuushika kwa mkono wake.

Sasa tufike kwenye kazi ile ionekanayo na watu wote, yaani kusimamisha mnyama mbele ya umati. Mwaka 1937 kiunzi kile kilisimamishwa katika ukumbi mkubwa wa makumbusho. Mifupa mingi ni ya mnyama mmoja, mingine ilitwaliwa kwa wanyama wengine wa jinsi ile ile, na palipokosekana kabisa pakajazwa kwa jasi. Fuvu lililo juu ni la mfano, maana la asili ni zito tena lavunjika upesi, nalo limehifadhiwa mbali. Hapana hila katika jambo hili, mradi watazamaji waambiwe. Vita vilipofika, kiunzi kilishushwa kwa kuogopa mabomu. Baada ya vita kikasimamishwa tena.

Lakini kiunzi cha makumbusho ni kama tafsiri: ni fikira za mfasiri juu ya maneno aliyoyapata, nayo yaweza kusahihishwa. Mwaka 1937 mnyama aliwekwa mkia ukiburuta chini, na miguu ya mbele ikipinda kama ya mjusi. Baadaye ikaonekana kwamba miguu ilisimama wima kama nguzo, na mkia uliinuliwa. Basi kiunzi kilifunguliwa na kupangwa upya, kikaonyeshwa tena mwaka 2007. Watu wa makumbusho hawakuona haya kwa kusahihisha kazi ya mkubwa wao. Wangaliogopa kumgusa kwa heshima, wangalimkosea, maana yeye mwenyewe aliishi kwa kupima na kupima tena.

Kosa jingine lililosahihishwa ni la jina, na hapa twaingia katika habari ya lugha. Kila jinsi ya kiumbe hupewa jina la maneno mawili. La kwanza ni jina la kundi, nalo mara nyingi huundwa kwa Kiyunani au Kilatini; la pili ni jina la jinsi yenyewe. Kentrosaurus, ambaye Hennig alimpa jina mwaka 1915, maana yake ni mjusi mwenye miba mikali. Elaphrosaurus, wa mwaka 1920, ni mjusi mwepesi. Dysalotosaurus, wa mwaka 1919, ni mjusi asiyeshikika. Mnyama mkubwa kabisa Janensch alimwita Brachiosaurus brancai mwaka 1914, kwa kuwa aliona afanana na mnyama aliyepatikana Marekani akaitwa Brachiosaurus, yaani mjusi wa mkono, mwaka 1903. Baadaye tofauti za mifupa yao zilihesabiwa kwa uangalifu, na tangu mwaka 2009 wataalamu wengi humwita Giraffatitan brancai. Jina la pili halikubadilika.

Tena iko kanuni kali: jina lililotangulia ndilo lisimamalo. Fraas aliwaita wanyama wake wa Tendaguru Gigantosaurus, asijali kwamba jina hilo lilikwisha kutumiwa Uingereza kwa mnyama mwingine. Mwaka 1911 ilibidi wapewe jina jingine. Vivyo hivyo jina lililotolewa kwa halali halifutwi kwa sababu watu wa baadaye hawalipendi.

Sasa tutazame neno la pili la jina. Brancai ni Kilatini, na ile i ya mwisho ni alama ya milki, kama -a ya uhusiano katika Kiswahili. Basi Giraffatitan brancai twaweza kusema ni Giraffatitan wa Branca. Dicraeosaurus hansemanni ni wa Hansemann, aliyesaidia kukusanya fedha. Elaphrosaurus bambergi ni wa Bamberg, tajiri aliyetoa mchango. Dysalotosaurus lettowvorbecki ni wa Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani katika vita vya mwaka 1914 hata 1918, vita ambavyo wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa maelfu. Tukiyasoma majina hayo kwa mfululizo, tunaona mkuu wa idara, mkusanya michango, tajiri na jemadari. Mchimbaji hayumo.

Tusimsingizie Janensch wala Hennig kwamba walimficha Boheti. Hennig alimtaja katika kitabu chake cha safari. Lakini kutajwa katika kitabu cha safari si sawa na kuwekwa katika jina la elimu. Kitabu husomwa kikasahaulika. Jina la elimu, kwa sababu ya kanuni tuliyoieleza, hudumu, na kila atakayeandika juu ya mnyama yule, awe Mchina au Mbrazili, hana budi kulitamka. Wale waliotoa majina waliijua nguvu hiyo, ndiyo sababu walilipa kwayo fadhili za watoa fedha.

Mwaka 2007 mtaalamu Kristian Remes alichunguza mifupa miwili ya shingo iliyotoka Tendaguru, akaona ni ya mnyama ambaye hajapewa jina. Akamwita Australodocus bohetii. Herufi ya i yaonekana mara mbili mwishoni: ya kwanza ni ya jina lake mwenyewe, ya pili ni ya milki. Ni wa Boheti. Miaka 98 ilikuwa imepita tangu uchimbaji ulipoanza. Mwaka 2019 likafuata jina jingine, Wamweracaudia keranjei, maana yake mkia wa Wamwera, wa Keranje. Mohammadi Keranje alikuwa msimamizi wa watu waliochimba shimo ilipotoka mifupa hiyo ya mkia. Hivyo jina la kabila na jina la mtu yameingia katika Kilatini cha wenye elimu, pamoja na la nchi, ambalo lilikuwa limeingia mwaka 2000 katika Tendaguria tanzaniensis.

Wako wasemao kwamba jina ni kitu kidogo, na kwamba mifupa yenyewe ingali Berlin. Wasema kweli. Tanzania majadiliano juu ya kuirudisha mifupa yamekuwapo kwa miaka mingi, wengine wakitaka irudi, wengine wakitaka kwanza elimu, mafundi na sehemu ya faida. Jina halimalizi neno hilo, wala halimlipi mpagazi ye yote. Lakini lina kazi yake. Mtoto wa Lindi aambiwapo kwamba mnyama ni wa Branca, husikia habari ya wageni tu. Aambiwapo kwamba mwingine ni wa Boheti, ajua kwamba elimu hii ilifanywa pia na watu wa kwao, kwa macho yao na mikono yao, na kwamba hata yeye aweza kuifanya.

Kwa hiyo twawashauri waalimu watakaofundisha somo hili wasimfanye Janensch kuwa mwizi tu, wala kuwa shujaa aliyefanya yote peke yake. Waeleze uvumilivu wake wa miaka hamsini, maana ni mfano mwema kwa kila aliyeanza kazi ya kamusi au ya kukusanya desturi akachoka baada ya mwaka wa pili. Waeleze pia hali ya njaa iliyowaleta watu mashimoni. Kisha waandike ubaoni majina mawili, brancai na bohetii, wawaonyeshe wanafunzi ile i ya milki, na kuwauliza kwa nini la pili lilikuja baada ya miaka 93.